Edgar Sengier, mtu aliyeuza urani ya Katanga

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwapo kwa gesi ya heliamu katika bonde la Ziwa Rukwa. Gesi hiyo haina mionzi, lakini huzaliwa ndani ya miamba ya kale pale urani na thori zinapojivunja polepole kwa mamilioni ya miaka. Jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika aliijua urani mapema zaidi, na kwa gharama kubwa. Katanga ya enzi za Wabelgiji ilianzia ufukweni, ukivuka kutoka Kirando na Kipili, ikaenda hadi kusini-magharibi, karibu na mji wa Likasi, ulipo mgodi wa Shinkolobwe. Historia ya mgodi huo haiwezi kusimuliwa bila Edgar Sengier.

Sengier alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 1879, akasomea uhandisi wa migodi. Mwaka 1911 alijiunga na Union Minière, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba ya Katanga. Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915, lakini kilichotafutwa wakati huo kilikuwa radi, iliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa ajili ya hospitali. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi, ikitumika kutia rangi vyombo vya udongo. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, mashimo yakajaa maji.

Mambo yaligeuka Mei 1939. Akiwa London, Sengier alidokezwa na mwanasayansi Henry Tizard kwamba mbale zile zikiangukia mikononi mwa adui, maafa yangeweza kutokea. Wengine wangeusahau mdokezo ule. Yeye alihamia New York, na mwaka 1940 akaagiza zaidi ya tani 1,200 za mbale zisafirishwe kupitia bandari ya Lobito, Angola. Zikahifadhiwa ghalani Staten Island, ndani ya mapipa, bila kelele. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipoingia ofisini kwake kutafuta urani, alikuta tayari ipo mjini. Walikubaliana katika kikao hicho hicho.

Mbale za Shinkolobwe zilikuwa na urani hadi asilimia 65. Za Marekani na Kanada kwa kawaida hazikufika hata asilimia moja. Ndiyo sababu wanajeshi wahandisi wa Marekani walikwenda kuufungua upya mgodi, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Agosti 1945 ilitoka Katanga.

Hapa ndipo tunapomtilia shaka Sengier. Alidokezwa hatari ya jiwe lile, akalificha lisipatwe na adui. Lakini Wakongo walilichimba na kulipakia kwa mikono yao katika mradi ambao hata jina la mgodi wao lilikuwa siri. Mababu wa Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri marefu ya udongo, na walijua jiwe waliloliweka motoni litatoa nini. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakupewa nafasi hiyo.

Mwaka 1946 Marekani ilimtunukia Sengier nishani yake ya juu kwa raia. Aina moja ya madini yenye urani ikapewa jina lake, sengieraiti.

Marekani nayo ilichimba nyumbani, katika ardhi ya Wanavajo, karibu tani milioni 30 za mbale kati ya 1944 na 1986. Ikabaki na zaidi ya migodi 500 iliyotelekezwa, nyumba zilizojengwa kwa mawe ya migodini na wachimbaji wengi wenye saratani ya mapafu. Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya kuwafidia. Sheria hiyo haiwagusi watu wa Likasi, ingawa mnunuzi alikuwa yule yule.

Sengier alifariki Cannes, Ufaransa, mwaka 1963. Mgodi ulikuwa umeshafungwa, midomo ya mashimo ikazibwa kwa zege. Miaka ya baadaye wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti katika udongo ule ule wenye urani. Januari 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku. Walichimba hivyo hivyo, na Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu.