Lonnie Johnson: mpiga gitaa aliyekataa kuhitimu

Kila mwaka, ninapofikia somo la silabi na kidatu, huwachezea wanafunzi wangu wimbo mmoja uliorekodiwa mjini Chicago mnamo Disemba 1927. Wimbo wenyewe waitwa Hotter Than That. Ndani yake Louis Armstrong anayaacha maneno na kuanza kutoa silabi tupu zisizo na maana katika lugha yoyote, na gitaa moja linamjibu. Anapokata, linakata, anapopandisha sauti, linapanda naye, anapochelewa kidogo, nalo linamngojea. Wanafunzi hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kwa kuwa wanatambua kwamba wanasikiliza mazungumzo kamili yasiyo na neno hata moja. Ndipo huniuliza gitaa hilo lilipigwa na nani. Armstrong wanamjua. Huyu mwenzake hawamjui, na hata baadhi ya walimu wenzangu, watu waliosoma wakasomeka, wameniuliza kwa mshangao ni kwa nini ninapoteza saa nzima ya isimu na Mmarekani aliyekufa zamani.

Makala haya ni jibu langu kwao.

Alonzo Johnson, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Lonnie, alizaliwa New Orleans tarehe 8 Februari. Kuhusu mwaka, kumbukumbu hazikubaliani: unaotajwa zaidi ni 1899, lakini wapo wanaoshikilia 1894 na wengine 1889. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza Johnson alikuwa na umri gani alipojibizana na Armstrong. Nilimwambia ni miaka 28, au 33, au 38. Akaandika yote matatu daftarini bila ya kulalamika.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa nyumba ya wanamuziki. Babake alikuwa na bendi ya nyuzi iliyotumbuiza kwenye karamu na arusi, na watoto waliingizwa humo mara walipoweza kushika chombo. Lonnie alianza kwa fidla. Baadaye alipiga piano, mandolini, banjo na gitaa, lakini naomba msomaji aikumbuke hiyo fidla kwa maana tutairejea. Mnamo 1917 alivuka bahari hadi London pamoja na kundi la waigizaji na waimbaji. Aliporudi mwaka 1919 aliukuta ukoo wake umefagiwa na homa ya mafua ya 1918, ile ile iliyoingia huku kwetu kupitia bandari ya Mombasa. Katika jamaa ile kubwa alimkuta ndugu yake mmoja tu, James. Wawili hao waliuacha mji na kwenda kukaa St. Louis, ambako Lonnie alipiga muziki katika mashua kubwa za abiria zilizopita mto Mississippi.

Mwaka 1925 alishiriki mashindano ya kuimba bluzi katika ukumbi wa Booker T. Washington mjini St. Louis, akashinda, na zawadi yake ikawa mkataba na kampuni ya santuri ya Okeh. Hapa ndipo ilipoanza shida iliyomfuata hadi kaburini. Kwa kuwa mashindano yalikuwa ya bluzi, mkataba ulikuwa wa bluzi, na kwa kuwa mkataba ulikuwa wa bluzi, mwenyewe akawa mwimbaji wa bluzi. Hakupendezwa kamwe na ufinyu wa jina hilo. Alikuwa amepiga nyimbo za karamu, za tamthilia, za mapenzi na za kucheza, tena kwa vyombo kadhaa, lakini jina lilikuwa limekwisha kuchapishwa juu ya lebo. Sisi wanaisimu tunajua vyema nguvu ya kutaja. Mtoto ukishamwita mzito wa hesabu katika darasa la nne, ataibeba hesabu yake kama gunia la mawe mpaka mwisho.

Kati ya 1925 na 1932 alirekodi nyimbo zipatazo 130, idadi ambayo wanamuziki weusi wachache sana wa siku zile waliifikia. Katika baadhi ya rekodi zake za mwanzo anapiga fidla. Kisha gitaa likashika usukani, na jambo la ajabu likatokea.

Gitaa la wakati ule lilikuwa chombo cha nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata bendi nyingi za jazi zilipendelea banjo kwa sababu lilisikika katikati ya tarumbeta. Kazi ya gitaa ilikuwa kukwaruza nyuzi zote kwa pamoja na kutunza mapigo. Johnson alikuwa na bahati ya wakati, kwani mwaka 1925 ndipo kampuni za santuri zilipoanza kurekodi kwa maikrofoni, na chombo chenye sauti ndogo kikaweza kusikika. Lakini maikrofoni ilisikika na kila mpiga gitaa wa Marekani. Alichokuwa nacho yeye zaidi ya wengine ni ile fidla. Mpiga fidla hufikiri kwa noti moja moja. Hunyosha sauti, huitikisa kwa kidole, huitelezesha kutoka noti hii hadi ile kama mtu anayesema. Johnson aliyahamisha mazoea hayo kwenye chombo ambacho sauti yake hufa mara uzi unapoachwa. Ilimbidi aipate kwa mkono wa kushoto ile sauti ndefu ambayo zamani aliipata kwa upinde. Wapiga gitaa wote wa baadaye wanaosimama mbele ya bendi na kupiga noti moja baada ya nyingine, wajue wasijue, wanapita njia aliyoilima yeye.

Mnamo 1928 Duke Ellington alimwita katika rekodi zake. Mwaka huo huo alianza kurekodi na Eddie Lang, kijana wa asili ya Kiitalia kutoka Philadelphia, ambaye naye alikuwa amejifunza fidla utotoni kabla ya gitaa. Lang alikuwa mzungu. Ili wanunuzi wasijue kwamba mweusi na mzungu wameketi chumba kimoja, jina la Lang halikuandikwa. Aliitwa Blind Willie Dunn, jina la kubuni lililomfanya aonekane mweusi na kipofu, hali yeye hakuwa hivyo wala vile. Katika rekodi hizo Johnson alipiga gitaa lenye nyuzi zaidi ya sita za kawaida, ambalo aghalabu huelezwa kuwa la nyuzi 12, na Lang akamshikia mapigo na besi chini yake. Sijapata kusikia heshima kubwa zaidi baina ya watu wawili wa kazi moja. Hakuna anayemrukia mwenzake. Lang alifariki 1933.

Wakati huo hali ya uchumi ilikuwa imeanguka na biashara ya santuri imeanguka nayo. Johnson alifanya kazi katika kiwanda cha chuma na katika kazi za reli, mikono ile ile. Alirejea studioni mwishoni mwa miaka ya thelathini, akarekodi tena mfululizo, na kufikia 1947 alikuwa na gitaa la umeme.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa kuwa watu hudhani gitaa la umeme ni gitaa la kawaida lililoongezewa waya. Ni chombo kingine. Uzi wa chuma unapotikisika mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, mtikisiko hugeuka mkondo wa umeme, na kikuza sauti huukuza. Noti iliyokuwa ikifa papo hapo sasa yaendelea. Mkono wa kulia uliozoea kupiga kwa nguvu ili usikike hauna budi kufundishwa upole upya, na kila kosa dogo la kidole husikika ukumbi mzima. Mtu aliyesifiwa miaka ishirini kwa namna yake ya kupiga anaanza tena kujikagua kama mwanagenzi. Johnson alikuwa na miaka 48 kwa hesabu ya chini, na huenda alikuwa akikaribia sitini. Alipunguza wingi wa noti, akaacha nafasi katikati yake, akaimba polepole. Mwaka 1948 wimbo wake Tomorrow Night, ambao ni wimbo wa mapenzi wala si bluzi, ulikaa wiki saba katika nafasi ya kwanza ya orodha ya santuri zilizouzwa kwa Wamarekani weusi.

Lugha yetu ina neno kujifunza. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hulipita haraka mno. Kiambishi ji- chasema kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja: ninayefunza ni mimi na ninayefunzwa ni mimi. Hakuna ndani ya neno hilo pahali pa cheti wala mahafali.

Mnamo 1952 alikwenda tena Uingereza. Kijana mmoja mwanamuziki aliyeonekana naye kwenye jukwaa moja London alivutiwa naye hata akalichukua jina lake, na ndiye aliyejulikana baadaye kama Lonnie Donegan. Aliporudi nyumbani, Johnson hakupata kazi ya muziki. Kufikia 1959 alikuwa mfagizi katika hoteli ya Benjamin Franklin mjini Philadelphia. Mtangazaji wa redio, Chris Albertson, ndiye aliyemtafuta akampata, na mwaka 1960 zikatoka sahani zake mpya, moja wapo akiwa na rafiki yake wa zamani Elmer Snowden.

Ungetaraji kwamba sasa mambo yangemnyookea. Lakini vijana waliokuwa wakiwafufua wanamuziki wazee katika miaka hiyo walikuwa na picha yao ya mzee wa bluzi: mtu wa shamba, gitaa la mbao, sauti ya kukwaruza. Johnson alikuja na suti nadhifu, gitaa la umeme na nyimbo laini za mapenzi. Wengi waliona amepotoka. Walitaka arudi alikokuwa mwaka 1927, kana kwamba miaka 33 ya kujifunza ilikuwa ugonjwa wa kutibiwa. Yeye aliendelea kupiga alichokijua na alichokuwa amekifikia.

Naikumbuka sehemu hii ya maisha yake kila nionapo mwanafunzi mzee. Miaka michache iliyopita mlango wa ofisi yangu ulibishwa na mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 53. Ofisi aliyoiomba ruhusa ya masomo ilikuwa imemshauri kwa maandishi asubiri pensheni yake kwa amani. Mimi si bora kuliko ofisi hiyo. Nilimkaribisha, nikamwita mzee, na kwa muda wa dakika mbili nzima nilidhani ni mzazi aliyekuja kulalamikia alama za mwanawe. Aliponiambia anataka kusoma fonolojia, nilimwuliza ataitumia wapi. Swali hilo sijapata kumwuliza kijana wa miaka 23. Tangu hapo nimemwita mwalimu, na tasnifu yake kuhusu toni katika lugha ya mamake ni miongoni mwa zile ninazozirejelea mara kwa mara.

Wenye masikio walimwelewa Johnson mapema. Robert Johnson wa Mississippi, ambaye hawakuwa na udugu licha ya jina, alimwiga waziwazi katika baadhi ya nyimbo alizorekodi 1937. B.B. King alieleza maisha yake yote alivyofunzwa na santuri za Lonnie tangu utotoni. Bob Dylan, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka 2004, anasimulia jinsi mzee huyo alivyomwonyesha mwanzoni mwa miaka ya sitini namna ya kupiga inayotegemea hesabu ya namba witiri, somo ambalo Dylan alilitumia miaka mingi baadaye. Yaani mtu aliyekuwa akishika ufagio juzi alikuwa na mbinu ya kumgawia kijana asiyejulikana bado, naye hakuificha.

Mwaka 1963 alizunguka Ulaya na tamasha la Wamarekani wa bluzi. Mwaka 1965 alikwenda Toronto, Kanada, akaupenda mji na kuhamia huko, na mwaka uliofuata akafungua klabu ndogo katika mtaa wa Yorkville. Klabu haikudumu, lakini aliendelea kupiga mahali pengine mjini humo.

Mnamo Machi 1969, akiwa anatembea kando ya barabara, gari lilimgonga. Aliumia vibaya, na baadaye kiharusi kikamdhoofisha zaidi. Mkono uliokuwa umehamisha fidla hadi kwenye gitaa haukuweza tena kazi yake. Februari 1970 alipanda jukwaani katika ukumbi wa Massey mjini Toronto akitegemea mkongojo. Gitaa alilipiga Buddy Guy, kijana mwenye asili ya Louisiana kama yeye, na Johnson akaimba tu. Watu walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu. Alifariki tarehe 16 Juni mwaka huo huo.