Fryderyk Chopin: Baladi Nne na Kitubio cha Mwisho

Wapiga kinanda wengi katika kwaya zetu za Mwananyamala, Kinondoni na Temeke wanalijua jina la Chopin kwa sababu ya kitu kimoja: ile nyimbo ya taratibu ya mazishi ambayo bendi za shaba hupenda kuipiga. Baadhi wanajua pia vipande vifupi vya kujifunzia. Wachache wamewahi kukaa na kusikiliza baladi zake nne, na wachache zaidi wanajua kwamba aliyezitunga alikuwa Mkatoliki aliyekaa miaka mingi bila sakramenti, akarudi siku nne tu kabla ya kufa. Makala haya yanahusu maisha yake, kwa ajili ya wanakwaya, na pia kwa ajili ya mafrateri ambao kesho wataitwa usiku kwenda kumpaka mgonjwa.

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, nje ya mji wa Warsaw. Kitabu cha ubatizo kinaandika tarehe 22 Februari, lakini familia yake daima ilisherehekea tarehe 1 Machi, na mabishano hayo hayajaisha. Alibatizwa tarehe 23 Aprili mwaka huohuo katika kanisa la Mtakatifu Roko, Brochów. Baba yake, Mikołaj, alikuwa Mfaransa aliyehamia Poland akiwa kijana na kuwa mwalimu wa lugha yake. Mama yake, Justyna, alikuwa Mpoland, mwanamke wa sala. Ndiye aliyemfundisha imani, na tutamkuta tena mwishoni ingawa alikuwa mbali.

Wakati huo nchi ya Poland haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana, na mgawanyo wa mwisho ulifanyika mwaka 1795. Mtoto huyu alikulia Warsaw, mji uliokuja kutawaliwa na mfalme wa Urusi, lakini lugha ya nyumbani, nyimbo za vijijini na ibada za kanisani vilikuwa vya Kipoland. Alianza kutunga akiwa na miaka saba. Akiwa mwanafunzi alipiga kinanda cha kanisa siku za Jumapili katika Misa ya wanafunzi kwenye kanisa la masista wa Visitasio. Nawaomba vijana wa kwaya walikumbuke hilo: kabla ya kumbi za Paris, alikuwa mpiga kinanda wa Misa ya shule.

Mwaka 1827 mdogo wake Emilia alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 14. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani.

Tarehe 2 Novemba 1830, siku ya Marehemu Wote, Chopin aliondoka Warsaw kwenda kutafuta maisha ya muziki nje. Hakurudi tena. Wiki nne baadaye, akiwa Vienna na rafiki yake Tytus, Wapoland waliasi utawala wa Urusi. Tytus alirudi kupigana. Chopin, ambaye mwili wake haukuwahi kuwa na nguvu, alibaki. Mwezi Septemba 1831, akiwa njiani kwenda Paris, alipata habari mjini Stuttgart kwamba Warsaw imeanguka. Hakujua kama wazazi na dada zake wako hai. Maandishi yake ya siku zile ni ya mtu aliyekaribia kukata tamaa, anayemlalamikia hata Mungu. Sioni vema kulificha hilo katika gazeti la seminari. Zaburi nazo zimejaa malalamiko ya namna hiyo.

Paris ilijaa wakimbizi wa Kipoland. Mmoja wao alikuwa mshairi Adam Mickiewicz, ambaye mwaka 1822 alikuwa ametoa kitabu cha baladi. Baladi ni shairi la kusimulia: kuna mashujaa, mizimu ya ziwani, ahadi zilizovunjwa, na mwisho ambao kwa kawaida ni mbaya. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuelewa. Sisi tuna utenzi. Anayeujua Utenzi wa Fumo Liyongo, jinsi hadithi inavyotembea polepole ubeti kwa ubeti hadi mwana anamchoma baba yake kitovuni, anajua kazi ya baladi. Zilikuwepo tayari baladi za kuimbwa, zenye maneno. Chopin ndiye wa kwanza kulichukua jina hilo na kulipa kipande cha piano kisicho na neno hata moja.

Ya kwanza, katika G ndogo, ilichapishwa mwaka 1836. Inaanza kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusimulia, mikono yote miwili ikipiga sauti zilezile. Kisha hadithi inaanza kwa mwendo wa kuyumba, na mwisho wake ni mkali kiasi kwamba wapigaji wengi wazuri huuogopa. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani aliyekutana naye Leipzig mwaka huohuo, alieleza baadaye kwamba Chopin mwenyewe alitaja mashairi ya Mickiewicz kuwa yalimchochea. Ni shairi lipi kwa baladi ipi? Wataalamu wamekisia sana. Kwa maoni yangu ni kazi ya bure; mtunzi angetaka tujue, angeandika.

Ya pili ina historia yake. Mwaka 1838 Chopin alianza kuishi na mwandishi maarufu wa Ufaransa, mwanamke aliyejulikana kwa jina la kalamu la George Sand. Hawakufunga ndoa, na waliishi hivyo miaka tisa. Majira ya baridi ya kwanza walikwenda kisiwa cha Majorca kutafuta hewa nzuri kwa mapafu yake, pamoja na watoto wawili wa yule mama. Walipanga vyumba katika monasteri ya Valldemossa, iliyokuwa ya watawa Wakartusi kabla serikali ya Hispania haijawaondoa mwaka 1835. Mvua ilinyesha mfululizo. Wanakijiji waliwatenga kwa sababu hawakuonekana kanisani na kwa sababu mgonjwa alikuwa anakohoa. Piano aliyotumiwa kutoka Paris ilikwama forodhani wiki nyingi kwa mabishano ya ushuru. Msomaji aliyewahi kusubiri mzigo bandarini hapa kwetu atamhurumia. Katika chumba kile cha watawa, damu ikitoka kifuani, alimaliza Preludi zake na kuifanyia kazi Baladi ya pili, iliyotoka mwaka 1840. Inaanza kwa utulivu kama wimbo wa kubembeleza mtoto, halafu bila onyo inapasuka dhoruba. Utulivu unarudi, dhoruba inarudi, na mwishoni kinachobaki ni kumbukumbu ndogo tu ya wimbo wa mwanzo, ikiwa imegeuka huzuni.

Ya tatu, ya mwaka 1841, ndiyo yenye furaha kati ya zote nne, na namshauri anayeanza aanze na hiyo. Ya nne, katika F ndogo, aliitunga mwaka 1842. Ninaipenda kuliko zote. Wimbo wake mkuu unarudi mara kadhaa, kila mara umevaa nguo nyingine, na karibu na mwisho kila kitu kinasimama: zinasikika sauti chache za chini sana, kama watu wanaoshusha pumzi mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Kisha yanafuata maporomoko.

Baada yake wengi walilichukua jina hilo. Johannes Brahms aliandika baladi nne mwaka 1854, ya kwanza ikifuata shairi la Uskoti kuhusu mwana aliyemuua baba yake. Edvard Grieg wa Norway aliandika moja nzito mara baada ya kufiwa na wazazi wote wawili. Zisizojulikana sana ni ile ya Clara Schumann, aliyoitoa akiwa bado binti mdogo mwaka 1836, ileile ya Baladi ya kwanza ya Chopin, na mbili za Franz Liszt, ambazo ya pili inastahili kusikika zaidi. Mafrateri wamwangalie huyu Liszt kwa namna ya pekee: baada ya maisha ya fujo na umaarufu, alipokea madaraja madogo Roma mwaka 1865 na kuvaa kanzu hadi kufa.

Chopin aliishi kwa kufundisha. Alitoza faranga 20 kwa somo, bei ya matajiri, na maonyesho yake ya hadhara katika maisha yote yanakadiriwa kuwa 30 tu. Muziki wa Kanisa hakuandika karibu wowote. Wala piano yenyewe haikuwa na nafasi kanisani: Papa Pius X, katika hati yake ya mwaka 1903 juu ya muziki mtakatifu, aliikataza kabisa, na milango ilifunguka zaidi kwa vyombo mbalimbali baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kwa hiyo mpiga kinanda asije akanukuu makala haya ili kupiga Baladi wakati wa Komunyo.

Alitengana na George Sand mwaka 1847. Mwaka uliofuata, mapinduzi yakiwa yamewafukuza wanafunzi wake matajiri kutoka Paris, alikwenda Uingereza na Uskoti. Mara ya mwisho kupiga hadharani ilikuwa London, Novemba 1848, katika hafla ya kuwachangia wakimbizi wa Kipoland. Alikuwa anabebwa kupandishwa ngazi.

Sasa tufike kitandani. Mwaka 1849 hali ilikuwa mbaya, na dada yake mkubwa Ludwika alisafiri kutoka Warsaw kuja kumuuguza. Alikuja pia padre Aleksander Jełowicki. Huyu alikuwa rafiki wa zamani, askari wa maasi ya 1830, kisha mchapishaji wa vitabu Paris, ambaye alijiunga na Mapadre wa Ufufuko, shirika lililoanzishwa miongoni mwa wakimbizi hao. Habari za siku zile zinatoka katika barua yake mwenyewe. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba padre alizipamba, na msomaji apime, lakini kiini chake kina uzito.

Anasimulia kwamba Chopin alimpokea kwa upendo, ila alipoguswa suala la sakramenti alijibu kwa ukweli unaouma: asingependa kufa bila sakramenti ili asimhuzunishe mama yake, lakini hawezi kuzipokea kwa kuwa hazielewi tena kama padre anavyozielewa. Kuungama kwa Jełowicki kama rafiki angeweza; kama sakramenti, hapana. Padre hakumlazimisha. Hakumpaka mafuta kwa hila akiwa hana fahamu, jambo ambalo lingewafurahisha jamaa. Aliondoka, akasali, akarudi.

Tarehe 13 Oktoba ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Edward, somo wa kaka yake padre, Edward, aliyekuwa ameuawa Vienna mwaka uliotangulia. Jełowicki alimwambia mgonjwa kwamba siku hiyo anamwomba zawadi kwa ajili ya marehemu kaka yake. Chopin akasema atampa chochote. Padre akamwomba roho yake. Mgonjwa alielewa, akakubali, akaungama huku analia, akapokea Komunyo na Mpako wa Wagonjwa. Katika siku zilizofuata, kwa maumivu makali, alimwambia padre kwa lugha isiyo ya sebuleni kwamba bila yeye angekufa kama nguruwe. Alifariki usiku wa tarehe 17 Oktoba 1849, saa nane hivi, akiwa na miaka 39. Leo kifua kikuu kinatibiwa bure katika hospitali zetu za umma, ile ya Mwananyamala ikiwemo. Yeye alitibiwa kwa kupewa hewa ya bahari na kutolewa damu.

Mazishi yalichelewa hadi tarehe 30 Oktoba. Ilisemekana alitaka Misa ya wafu ya Mozart, yenye sehemu za waimbaji wanawake, na kanisa la Madeleine halikuruhusu wanawake kuimba. Mwishowe waliimba wakiwa nyuma ya pazia jeusi. Preludi zake mbili zilipigwa kwa kinanda cha kanisa, na hivyo muziki wake uliingia kanisani siku alipoingizwa yeye mwenyewe ndani ya jeneza. Alizikwa Paris, katika makaburi ya Père Lachaise.

Moyo haukuzikwa pale. Chopin aliogopa kuzikwa akiwa hai na aliomba mwili wake upasuliwe. Ludwika aliuchukua moyo ndani ya chupa yenye kileo, akaupitisha mipakani hadi Warsaw, na baadaye ukawekwa ndani ya nguzo katika kanisa la Msalaba Mtakatifu. Wajerumani waliuchukua wakati wa maasi ya Warsaw mwaka 1944. Katika miaka hiyohiyo Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Siberia, walikuwa wanaishi katika kambi ya Tengeru karibu na Arusha; makaburi yao yangalipo na yanatunzwa. Moyo ulirudishwa kanisani tarehe 17 Oktoba 1945. Mwaka 2014 nguzo ilifunguliwa usiku, askofu mkuu wa Warsaw akiwepo na kusali, wataalamu wakaitazama chupa bila kuifungua, wakaona alama za kifua kikuu kwenye moyo, na nguzo ikafungwa tena.