Dag Hammarskjöld: safari ya usiku iliyoishia Ndola

Sisi wa Kindu na Maniema nzima, kungojea ndege tunakujua. Mtu anasimama uwanjani, anaangalia juu, anauliza imefika wapi. Usiku wa tarehe 17 Septemba 1961, kule Ndola, watu walimngojea hivyo Dag Hammarskjöld.

Alizaliwa Sweden tarehe 29 Julai 1905. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa inchi ile. Yeye alisomea uchumi. Mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa ONU. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 na vurugu kuanza, yeye ndiye alisimamia kuja kwa askari wa ONU. Wakongomani wengi walimlaumu, zaidi sana kisha Lumumba kuuawa Januari 1961. ONU ilikuwa hapa, na haikumwokoa.

Septemba ile vita ikawaka Katanga. Hammarskjöld akatoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kuzungumza na Tshombe ili vita isimame. Lakini Katanga ilikuwa na ndege ya kivita iliyoshambulia ndege za ONU. Basi rubani akajificha. Karatasi za safari zilisema anaenda Luluabourg. Yeye akazunguka upande wa mashariki mpaka ziwa Tanganyika, masaa mingi bila kuongea kwenye redio.

Leo rada inatuma mawimbi, yanagonga ndege na kurudi. Hapo muongozaji anajua kuna kitu angani na kiko fasi gani. Kujua ni ndege gani na iko juu kiasi gani, kuna transponda: chombo cha ndani ya ndege kinachojibu rada chenyewe kwa namba na urefu. Usiku ule mnara wa Ndola ulitegemea sauti ya rubani. Kisha saa sita ya usiku akasema anaona taa. Halafu kimya.

Mabaki yalipatikana kisha masaa karibu 15, kilomita kama 15 tu toka uwanjani. Ndani walikuwa watu 16. Mmoja alikutwa hai, ameungua. Akafa siku chache baadaye. Maficho ya kumkwepa adui yaliwaficha pia kwa wenye kuwatafuta. Ama kama ndege ilianguka yenyewe au iliangushwa, ONU ilimpa uchunguzi Mohamed Chande Othman, jaji mkuu wa zamani wa Tanzania, na jibu la mwisho halijapatikana.

Hata miezi miwili haikutimia, tarehe 11 Novemba 1961, Waitalia 13 wa ndege za ONU waliuawa na askari hapa hapa Kindu, wakidhaniwa ni watu wa Tshombe. Walikuwa wameleta vyakula na vifaa kwa askari wenzao wa ONU.

Mwaka ule ule Hammarskjöld akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Alikuwa amekwisha kuzikwa Uppsala.