Mcheza Kwao Hutunzwa

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, maalimu wetu hakuwa akimpa mtoto tari la maulidi mpaka amtazame kwanza akikaa kimya nyuma ya wenziwe. Mimi nilikaa nyuma miezi mingi, nikinung'unika. Ndiyo sababu kila nisomapo khabari za Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, nivutwazo ni zile za utotoni mwake.

Alizaliwa New Orleans tarehe 4 Agosti 1901, katika mtaa wa mafukara, na babake akawaacha yeye angali mchanga. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, watu wakisherehekea, Louis alitoka na bastola akaifyatua hewani. Akakamatwa, na kulipokucha akapelekwa kwenye nyumba ya kuwatia adabu watoto weusi watukutu. Alikuwa na umri wa miaka 11.

Nyumba ile ilikuwa na bendi, na mwalimu wa bendi ni Peter Davis. Davis hakumtaka. Aliujua mtaa aliotoka mtoto yule, mtaa wa makahaba na wacheza kamari, akaona hapatoki mtu wa maana. Louis akastahamili, akawa akikaa kando kuwasikiliza wenziwe wakijifunza. Mwisho mwalimu akalegea, akampa ala ya kwanza. Na ala yenyewe, msomaji, ilikuwa tari!

Kutoka tari akapewa ngoma. Kutoka ngoma akapewa alto, tarumbeta la ukoo mmoja na yufoniamu, ambalo kazi yake ni kuijaza sauti ya bendi katikati, wala si kuongoza. Hapo ndipo alipojifunza kuwasikiliza wengine. Kisha akapewa baragumu la kuwaitia watoto chakula na malazi. Alilikuta limeota kutu ya kijani, akalisugua hata likametameta. Ndipo Davis akamfundisha koneti, na baadaye akamfanya kiongozi wa bendi.

Siku moja bendi ilipita mtaani kwao. Wale makahaba na wacheza kamari wakatoka kumtazama mtoto wao, wakamtunza fedha hata kofia zikafurika. Mwenyewe alisimulia kwamba zilitosha kuinunulia bendi nguo mpya na ala mpya.

Alitoka mwaka 1914. Akauza makaa kwa gari la nyumbu, na huku akitumwa sokoni na mke wa Joe Oliver, naye Oliver akimlipa kwa mafunzo. Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago, na dunia ikamsikia. Alifariki mwaka 1971.

Lau Davis angeishikilia dhana yake ya kwanza, tungemjua nani? Hapa kwetu Mwambao nasikia kila siku kijana akihukumiwa kwa jina la mtaa wake, kabla hajafungua kinywa. Maalimu wangu, Mungu amrehemu, alituweka nyuma sote, wa mtaa huu na wa mtaa ule. Lakini tari kila mmoja alilipata.