Franz Stuhlmann na Bustani ya Dar es Salaam

Franz Stuhlmann alizaliwa mwaka 1863 katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Alijifunza elimu ya wanyama, na mwaka 1888 akavuka bahari, akafika Unguja kuchunguza viumbe vya majini.

Mwaka 1890 aliondoka Bagamoyo kwenda bara pamoja na Emin Pasha na wapagazi wengi. Mwaka 1891 akaupanda mlima Ruwenzori hata kupita meta 4,000, akiitazama mimea ya kila daraja. Mwisho wa mwaka ule ndui iliingia msafarani. Emin akamwamuru atangulie kurudi na wale wenye afya. Yeye mwenyewe akabaki na wagonjwa. Hawakuonana tena, maana Emin aliuawa huko Kongo mwaka 1892.

Mwaka 1893 Stuhlmann alianzisha bustani ya mimea mjini Dar es Salaam, ili mimea ya nchi nyingi ijaribiwe kabla ya kupandwa mashambani. Faida iliyokusudiwa kwanza ilikuwa ya serikali ya Wadachi na ya walowezi wao.

Haja ya kujaribu ilikuwa kubwa. Katika milima ya Usambara walowezi waliuona msitu mnene, wakadhani kwamba udongo wake una rutuba isiyokwisha. Wakafyeka miti, wakapanda kahawa. Baada ya miaka michache mibuni ikadhoofika, na mali nyingi ikapotea.

Sababu ni hii. Utajiri wa msitu wa namna ile haukai sana udongoni, bali katika miti yenyewe. Jani huanguka, huoza, na mizizi hukinyonya tena chakula chake. Katika chakula hicho imo naitrojeni, ambayo bila hiyo hakuna jani liwezalo kukua. Msitu ukifyekwa na kuchomwa, mzunguko huo hukatika: sehemu ya naitrojeni hupotea kwa moshi, na nyingine huchukuliwa na mvua.

Hewa nayo ina naitrojeni tele, karibu sehemu nne katika tano, lakini mimea haiwezi kuitumia hivyo ilivyo. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel, mtaalamu wa Kidachi, alieleza kwamba mimea ya jamaa ya kunde huipata kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi yake. Ndivyo zilivyo kunde, choroko na mbaazi ziuzwazo Kariakoo. Na ndivyo ilivyo migunga na miti mingi ya misituni. Majani yake yakianguka na kuoza, majirani zake nao hushiba.

Mwaka 1902 chuo cha kuchunguza kilimo na viumbe kilianzishwa Amani, katika milima ile ile ya Usambara, na Stuhlmann akawa mkuu wake. Baadaye alirudi Hamburg, akaandika juu ya mazao na kazi za mikono za Afrika ya Mashariki. Akafa huko mwaka 1928.

Wataalamu waliupa mti mmoja jina lake, Millettia stuhlmannii, ambao wauza mbao huuita panga-panga. Nao ni wa jamaa ya kunde. Bustani yake ingali katikati ya mji wa Dar es Salaam. Mwenye kupita humo na aokote jani lililooza, akumbuke kwamba ardhi isiyorudishiwa kitu haitoi siku zote.