Habari za Ludwig Krapf, Mtumishi Aliyefundishwa na Taabu

Mvua za masika zinyeshapo na mto Kilombero ukafurika, wako waalimu wa Injili wasioweza kuwafikia watu wao, tena wako walalao kwa homa. Wengine huuliza kama taabu ya namna hii ina faida yo yote katika utumishi. Sisi tulioko hapa Michenga twaona yafaa kuwakumbusha maisha ya Johann Ludwig Krapf. Jina lake wengi wenu mmelisikia, lakini si wote wayajuao mateso yake.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa lililotendwa na mwingine, akaugua muda wa nusu mwaka. Kitandani akasoma sana Biblia, hasa habari za mababa wa zamani. Kipigo kile kingaliweza kumwachia kinyongo cha siku zote; lakini aliondoka kitandani akiwa amelipenda Neno la Mungu. Baadaye akaingia chuo cha misioni cha Basel, katika nchi ya Uswisi, na mwaka 1837 akafika Uhabeshi, ametumwa na chama cha misioni cha Kiingereza, CMS.

Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipokuwa safarini kuirudia kazi ya Uhabeshi, mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyikani kabla ya siku zake, akafa. Wakamwita Eneba, maana yake chozi. Kisha wakazuiwa wasiweze kuingia tena katika nchi ile. Hapo Krapf angaliweza kurudi kwao bila aibu, lakini aligeuza uso kuielekea pwani yetu.

Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, naye Seyyid Said akampa barua ya ruhusa. Mwezi wa Mei akafanya makao yake Mombasa. Julai homa kali ikaingia nyumbani mwake. Tarehe 6 Rosine alijifungua binti, na tarehe 13 akafariki. Siku chache baadaye mtoto akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa ile ile. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Naye akawaandikia wakubwa wake kwamba wasilihesabu kaburi lile kuwa mwisho wa kazi, bali mwanzo wake.

Angalieni basi alilolifanya. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohiuddin, kadhi wa Mombasa. Baada ya maziko hakuiweka kalamu chini. Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na wote wawili wakaenda kuanza kituo cha Rabai hali wana homa, wakipokezana punda mmoja. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikapigwa chapa.

Mwaka 1851 alisafiri Ukambani pamoja na Kivoi, mkuu wa Wakamba. Wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, na Krapf akapotea nyikani peke yake na njaa na kiu. Alipopata maji aliyatia ndani ya mitutu ya bunduki yake, kwa kuwa hakuwa na chombo. Hata 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akarudi Ulaya. Aliowabatiza walikuwa wachache mno, na mfululizo wa vituo vya Injili aliotamani uvuke Afrika toka mashariki hata magharibi hakuuona. Lakini aliendelea na kazi ya lugha. Tarehe 26 Novemba 1881 alifariki huko Korntal. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka uliofuata kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London.

Tujifunze nini? Hatuthubutu kusema ya kwamba Mungu alimwua Rosine na watoto wake ili sisi tupate kamusi. Neno kama hilo lingemdhulumu Mungu, tena lingewaumiza waliofiwa. Wala homa si kitu cha kusifiwa. Kutoka mji ule ule wa Basel alikosoma Krapf, walikuja wataalamu waliofungua maabara ya kuchunguza maradhi hapa Ifakara mwaka 1957, na kazi ya kupigana na malaria inaendelea hata leo. Atakayelala bila chandarua kwa kudhani anaonyesha imani, anajidanganya.

Lakini iko taabu isiyoondoka, ijapokuwa tumeomba na kujitahidi. Hapo ndipo Krapf anapotufundisha. Mlango mmoja ulipofungwa alitafuta mwingine. Miguu iliposhindwa, alitumia kalamu. Taabu ilimzoeza kutoingoja siku njema ndipo aanze kutumika. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi ya kuwa dhiki huleta saburi, nayo saburi haipatikani kwa kusomwa chuoni tu.

Basi, ewe mwalimu uliyezuiwa na maji ya mto, je, hakuna mgonjwa katika nyumba ya jirani, au mtoto asiyejua kusoma? Na wewe uliyefiwa, usione haya kulia. Krapf naye alimwita mtoto wake chozi. Ukisha kulia, tazama ni kazi gani iliyobaki mkononi mwako, uishike hiyo. Mungu awatie nguvu.