Maria Montessori na Nyumba ya Watoto

Wazee husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini wazazi wengi hudhani kwamba kumkunja mtoto ni kumlazimisha: kumketisha kimya, kumkaririsha maneno asiyoyafahamu, na kumpiga akichoka. Wengine hudhani kwamba mtoto mdogo hana awezalo kujifunza, basi na aachwe acheze ovyo mpaka umri wa shule ufike. Mwanamke mmoja wa Italia, daktari na Mkatoliki, alionyesha kwamba wote wawili wamekosa. Jina lake ni Maria Montessori.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona. Alikuwa mtoto wa pekee wa wazazi wake. Mwaka wa 1875 jamaa yake ilihamia Roma. Siku zile msichana mwenye elimu alitazamiwa kuwa mwalimu tu; Maria alitaka udaktari. Baba yake hakupendezwa, lakini mama yake alimtia moyo. Katika Chuo Kikuu cha Roma ilihesabiwa kuwa aibu mwanamke kupasua maiti mbele ya wanaume. Kwa hiyo alijifunza kazi hiyo peke yake, wenzake wakiisha kuondoka. Alivumilia, na mwaka wa 1896 akawa daktari.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka kwa watoto waliopungukiwa na akili, waliofungiwa pamoja na wenda wazimu. Watu waliwahesabu kuwa hawafundishiki. Maria alisoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, akatambua kwamba watoto wale walihitaji malezi kuliko dawa. Akawapa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha. Baadhi yao wakajua kusoma na kuandika, wakashinda mtihani kama watoto wa shule nyingine. Watu wakastaajabu. Yeye alijiuliza jambo jingine: watoto wenye afya wanafundishwa vibaya namna gani, hata walingane na hawa?

Katika miaka hiyo alipatwa na huzuni kubwa. Mwaka wa 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Kwa kuogopa aibu, mtoto alilelewa shambani na watu wengine, na mama yake alikwenda kumtazama tu. Mario alikuwa na miaka kama 15 alipokuja kukaa naye. Tangu hapo alikuwa msaidizi wa mama yake mpaka mwisho.

Huko Roma palikuwa na mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Wazazi walishinda kazini, na watoto wadogo wasio na mlezi waliharibu kuta na ngazi za nyumba. Wenye nyumba hizo walimwomba Maria awatunze. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto. Watoto walikuwa wapata 50, wa miaka 3 hadi 6, wenye haya na machozi. Wazazi hawakulipa kitu. Walitakiwa tu kuwaleta watoto wakiwa safi na kumheshimu mwalimu.

Maria aliweka ndani michezo mizuri ya kitoto, na pia vifaa vyake vya kujifunzia. Watoto waliiacha michezo, wakavitaka vifaa. Siku moja alimwona msichana wa miaka kama 3 akiingiza vipande vya mti vya mviringo katika matundu yao, kila kipande mahali pake. Maria aliwaambia wenzake waimbe, kisha akamwinua mtoto pamoja na kiti chake. Mtoto alivipakata vipande vyake akaendelea. Alirudia kazi ile zaidi ya mara 40, akaacha akiwa na furaha, kama mtu aliyeamka usingizini. Hapo Maria alifahamu kwamba mtoto mdogo hufikiri kwa mikono yake. Yaliyoonekana kwa wakubwa kuwa mchezo, yeye aliyaita kazi ya mtoto.

Siku nyingine aliwafundisha, kwa upole na bila kuwacheka, namna ya kupenga kamasi kwa leso. Watoto wakampigia makofi. Mara nyingi walikuwa wamekaripiwa kwa ajili ya pua zao, wala hakuna aliyewafundisha. Akawazoeza pia mchezo wa kimya: kila mmoja alitulia mpaka aliposikia jina lake likiitwa kwa sauti ndogo sana.

Herufi alizitengeneza kwa karatasi ya msasa, watoto wakazipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Hakuwalazimisha kuandika. Siku moja ya Desemba, juu ya paa la nyumba, alimwambia mvulana mmoja achore dohani kwa chaki. Mtoto akaichora, kisha kwa ghafula akaandika neno lenye maana ya mkono. Alipiga kelele za furaha, na wenzake wakaanza kuandika vilevile. Mkono ulikuwa umejifunza kabla mtoto hajajua kwamba anajifunza.

Sifa zake zilienea, na lawama pia. Wakatoliki wengine walihofu kwamba kwa kuwaamini watoto mno amesahau dhambi ya asili. Mwaka wa 1914 mwalimu wa Marekani, William Kilpatrick, alimlaumu kwa upande mwingine: kwamba vifaa vyake vyambana mtoto, havimwachii nafasi ya kubuni michezo yake mwenyewe.

Huko Barcelona, katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza, alitumia njia ileile kwa mambo ya dini. Watoto walipewa kanisa lao dogo, lenye viti vidogo, na maji ya baraka yaliyowekwa chini wayafikie. Walipanda ngano na mizabibu, wakatunza shamba lao mpaka mavuno, wapate kufahamu mkate na divai ya altare vyatoka wapi. Hivyo walijiandaa kumpokea Yezu katika Ekaristi.

Maisha yake hayakuwa na raha. Mwaka wa 1934 aliondoka Italia, kwa sababu serikali ya Mussolini ilitaka kuzitawala shule zake. Mwaka wa 1936 vita vilimfukuza Hispania. Tangu 1939 hadi 1946 alikuwa India, akifundisha walimu. Alikufa tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Mzazi anayejiandaa kwa ubatizo na ayafikiri maisha haya. Mtoto wake bado hajui katekisimu, lakini aweza kuchota maji, kupanga kuni, kuchambua maharagwe, kuwasha mshumaa wa sala na kunyamaza kidogo mbele ya Mungu. Na aonyeshwe polepole, na aachwe arudie hata akichelewa. Yezu aliwakataza mitume wasiwazuie watoto kumwendea. Mtu mkubwa asiye na subira aweza kuwazuia, hata kwa kisingizio cha kuwafundisha.